Kabla Hujanunua Mashine ya Kupiga Polishi

Hotuba kwa waosha magari na mafundi rangi, Unga Limited, Arusha

Ndugu mwenyekiti wa kikundi, wazee wetu mafundi rangi, kaka na dada zangu mnaoosha magari kuanzia Kijenge mpaka Sakina, na ndugu zetu wa Moshi mliodamka alfajiri ili muwe nasi: wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mashine ya kupiga polishi, hii inayoitwa DA, yaani dual action, yenye mizunguko miwili kwa pamoja, na hasa mtu aangalie nini anapokwenda kuinunua. Swali hili huwa naulizwa sana, na mara nyingi anayeuliza ameshika simu yenye picha ya mashine, kidole kipo kwenye namba ya wati. "Kaka, hii ina wati 1,200 na ile ina 700, si bora nichukue hii?" Jibu lake haliwezi kutosha barabarani huku mteja anasubiri gari lake, kwa hiyo nashukuru tumekaa. Nitakalolisema leo ni moja, na mengine yote yanatoka humo: kabla hujaangalia nguvu ya mashine, angalia kile unachokwenda kukisugua. Ni mali ya mtu mwingine, ni chembamba mno, na kikiisha hakirudi.

Namaanisha klia. Gari linapotoka kiwandani, juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, juu yake praima, kisha rangi yenyewe, halafu klia, lile tabaka la juu kabisa lisilo na rangi, linalong'aa. Ukivijumlisha vyote, kwenye magari mengi unapata maikroni 100 mpaka 150, mengine zaidi kidogo. Maikroni 1,000 ndiyo milimita moja. Klia peke yake mara nyingi iko kati ya maikroni 35 na 50. Unywele wa kichwani una unene wa maikroni kama 70. Sasa piga hesabu: mtu amekuletea gari alilolilipia kwa miaka, na kinachotenganisha rangi yake na jua ni kitu chembamba kuliko unywele.

Na hata hiyo hujapewa yote uifanyie kazi. Ndani ya klia kuna kemikali zinazokinga rangi na miale ya jua. Ukiila klia sana, gari litang'aa siku unapokabidhi ufunguo, lakini misimu michache ikipita utaliona kwenye paa na juu ya boneti: madoa meupe, magamba yanabanduka, rangi chini yake imefifia. Magari ya namna hiyo mnayajua, yamejaa mjini. Sisemi yote yameharibiwa na polishi, kwa sababu jua letu nalo lina sehemu yake. Arusha tuko nyuzi 3 na kidogo tu kusini mwa Ikweta, na tuko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hali ya hewa ya baridi ya Julai inawadanganya watu. Kadiri unavyopanda juu, hewa inayochuja miale inapungua, kwa hiyo gari la Arusha linapigwa na miale mikali kuliko gari la Tanga, hata kama mwenye gari amevaa sweta.

Kuna jambo la pili linalotuhusu sisi kuliko mafundi wa nchi nyingine. Magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kushuka Dar es Salaam. Huwezi kujua yamepigwa polishi mara ngapi kabla ya kupakiwa melini, na mara ngapi tena yalipofika ili yavutie mnunuzi. Klia unayoiona ni ile iliyosalia. Ndiyo maana nasema kikundi hiki, kabla ya mashine ya pili, kinunue kipima unene wa rangi, kile kidogo cha kushika mkononi, kikae ofisini na kila mwanachama akiazime. Unakigusisha kwenye bati kinakupa namba. Ukiona 90 unakwenda polepole sana au unaacha kabisa. Ukiona 300 unajua mlango huo umepigwa rangi upya, labda na puti ipo chini yake. Hakikuambii klia peke yake ni kiasi gani, kinakupa jumla, lakini jumla hiyo inatosha kukufanya ufikiri kabla ya kuwasha.

Sasa tuje kwenye mashine. Nyingi zinazotumika hapa mjini ni rotari, yaani sponji inazunguka palepale kama feni. Na wapo wanaotumia grainda, wamefunga sponji mahali pa jiwe la kukatia. Naomba hili tulimalize leo. Grainda ndogo huzunguka mara kama 11,000 kwa dakika na nyingi hazina sehemu ya kupunguza kasi. Rotari ya polishi inafanya kazi kati ya mizunguko 600 na 3,000. Ukiweka grainda kwenye boneti ya mtu umeshaingia kwenye klia kabla hujajiweka sawa kusimama. Kwa nini mteja alipie hasara hiyo?

Rotari yenyewe siitukani. Wazee walioko mbele hapa, ambao wakimaliza kupuliza rangi wanapitisha msasa wa maji namba 2,000 na kisha wanaondoa alama za msasa kwa rotari na sponji ya sufi, wanaitumia mahali pake na mkono wao unaijua. Tatizo ni kumpa rotari kijana aliyeanza mwezi huu. Joto lote linakusanyika chini ya sponji, na akikaa sekunde chache zaidi kwenye ukingo wa mlango au kwenye ule mkunjo unaopita ubavuni mwa gari, ambako klia ni nyembamba kuliko sehemu bapa, inakatika. Hata asipoikata, anaacha vivuli vya mviringo. Kivulini huvioni. Mteja anaviona jioni anapoingia sheli kujaza mafuta, taa nyeupe za juu zinapiga kwenye boneti na mawimbi yote yanajitokeza. Kesho yake hakupigii simu kulalamika. Anampelekea mtu mwingine gari.

DA imetengenezwa tofauti. Sahani inayoshika sponji haikufungwa katikati ya mhimili wa mota. Imefungwa pembeni kidogo, na inakaa juu ya beringi yake. Mota ikizunguka, sahani inachora duara dogo haraka sana, maelfu ya mara kwa dakika, na wakati huohuo inajizungukia yenyewe taratibu. Chembe ya kompaundi, yaani ile polishi kali ya kukata mikwaruzo, iliyoko kwenye sponji haipiti njia ileile mfululizo, kwa hiyo joto linatawanyika na alama hazifuatani upande mmoja. Na ukiikandamiza kupita kiasi, ule mzunguko wa taratibu unasimama, inabaki kutikisika tu. Kazi haifanyiki, lakini pia gari haliharibiki. Kwa anayejifunza, hiyo ni faida kubwa kuliko zote.

Kwa hiyo namba ya kwanza kuuliza dukani ni upana wa hilo duara. Wauzaji huiandika kwa milimita: 8, 9, 12, 15, 21. Usichanganye na ukubwa wa sponji, ni vitu viwili. Duara dogo, la 8 au 9, mashine inatulia mkononi na inaingia vizuri kwenye miviringo, lakini inachukua muda mrefu kuondoa mikwaruzo, na mikono inakufa ganzi kabla ya saa sita. Duara kubwa la 21 ni tamu kwenye paa la Alphard na boneti ya Land Cruiser, linafunika eneo pana na rangi inatoka laini. Lipeleke kwenye IST au Vitz, magari ambayo karibu hayana mahali bapa, sponji inasimama kila baada ya hatua mbili kwa sababu upande mmoja umegusa na mwingine uko hewani. Utalaumu mashine, na mashine haina kosa.

Mwenye fedha ya mashine moja tu, mimi namshauri milimita 15 na sahani ya milimita 125. Sponji zake ni za milimita 140 hadi 150, na zinafanya kazi kwenye Noah, Harrier, Rav4 na magari ya kitalii bila shida. Kwenye gari dogo lenye miviringo utalazimika kupunguza mwendo na kulaza mashine vizuri, lakini utafika. Kama wateja wako karibu wote ni IST na Passo, chukua 12. Ya pili ukijaliwa iwe ndogo, yenye sahani ya milimita 75, kwa ajili ya bampa, nguzo za milango na pembeni mwa vitasa. Hiyo 21 isubiri siku utakapopata mkataba wa magari makubwa.

Na msibadilishe sahani ovyo. Ndani ya mashine kuna uzito wa kusawazisha uliopimwa kwa sahani ile iliyokuja nayo. Ukifunga sahani kubwa zaidi au nzito zaidi kwa sababu umeipata kwa bei nzuri, mashine inaanza kutetemeka, na mtetemo huo unamaliza beringi na viganja vyako kwa pamoja.

Kuna aina nyingine ya DA ambayo mzunguko wake wa taratibu unalazimishwa na gia, hausimami hata ukikandamiza. Flex ya Ujerumani, ile XC 3401 VRG, ndiyo inayojulikana zaidi: duara la milimita 8, wati 900. Inakula mikwaruzo haraka na haisumbui kwenye miviringo. Lakini kwa kuwa haisimami, ule ulinzi niliousema hauko tena, inapasha joto zaidi, na ukigusa ukingo inaweza kukuvuta. Ni mashine ya mtu ambaye ameshazoea.

Wati nitazipita haraka. Namba iliyoko kwenye boksi ni umeme unaoingia. Haikuambii kinachofika kwenye sponji. Rupes ya Italia, LHR15, ni mashine ya duara la milimita 15 ambayo mafundi wa Ulaya na Marekani wanaitumia siku nzima, na ni ya wati 500 tu. Kuna mashine zimeandikwa 1,200 ambazo sponji inasimama ukiilaza tu kwenye mlango. Basi hilo tuliache.

Umeme wenyewe, hapo nitakaa, kwa sababu ndipo mashine nyingi zinapofia.

Umeme wetu ni volti 230. Wa Japani ni volti 100, wa Marekani ni 120. Makontena ya vifaa vya mtumba yanaleta mashine nzuri kabisa za Kijapani, bei yake inavutia, na kijana anaifikisha nyumbani, anabadilisha plagi kwa sababu ya Kijapani ina meno bapa, anachomeka. Mota inapiga kelele ya juu, harufu ya waya unaoungua inatoka, basi. Kwa hiyo mashine yoyote ya mtumba igeuze kwanza, utafute kile kibandiko cha chuma au plastiki chenye maandishi ya kiwandani. Ukikuta 220-240V, endelea na maongezi. Ukikuta 100V au 120V, jumlisha bei ya transfoma ya kushusha umeme kabla hujafurahia, na iwe kubwa mara mbili ya mashine: mashine ya wati 500, transfoma ya wati 1,000. Na transfoma hiyo ni nzito, utaibeba kila unapoitwa nyumbani kwa mteja. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa, mimi sinunui.

Halafu ekstensheni. Tunaosha magari uani, soketi iko ndani, na waya unaotufikisha ni ule mwembamba wa kuchajia simu, umeungwa mara tatu kwa tepu. Waya mwembamba na mrefu unapunguza volti zinazofika, mota inafanya kazi kwa shida, inapata joto, na brashi za kaboni, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zinaliwa haraka. Tafuta waya wenye unene wa milimita 1.5 za mraba, na ukipita mita 25 chukua 2.5. Kama waya umezungushiwa kwenye roli, ukunjue wote hata kama unahitaji mita tano, kwa sababu ukibaki umejikunja unajipasha moto wenyewe.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi, hasa ninyi mnaofanyia polishi palepale mnapooshea. Maji yanatiririka, miguu iko kwenye ndala zilizolowa, na soketi ya ekstensheni imelala chini. Umeme wa volti 230 haubahatishi. Sehemu ya polishi iwe kavu na iwe mbali na bomba, soketi ining'inizwe ukutani au kwenye kiti, na mwenye eneo aweke ile swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Ni kifaa kidogo, fundi umeme anakifunga asubuhi moja. Ukinunua mashine ya bei kubwa na hukuweka hiyo, hesabu zako haziko sawa, na nasema hivyo kwa sababu nawapenda.

Wanaofikiria jenereta, ile ndogo kabisa ya kuwashia taa na televisheni haifai, mota inapoanza inavuta kuliko inapoendelea. Ya kilovoti-ampea 2 inatosha kwa mashine moja na taa. Wanaofikiria mashine ya betri, piga hesabu hii: betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90. Mashine ikivuta wati 300, dakika 18 imekwisha. Ni nzuri kwa kumalizia pembeni na kwa mashine ndogo ya sahani ya 75. Kwa Land Cruiser nzima utahitaji betri nyingi na chaja zaidi ya moja, na bado umeme utauhitaji. Na anayeogopa Luku asiogope: mashine ya wati 900 ikikimbia saa 5 kwa nguvu yake yote inakula uniti 4 na nusu, wala hutaikimbiza hivyo.

Ukifika dukani, omba iwashwe. Muuzaji anayekataa kuwasha mashine anakupa jibu tayari. Sikiliza inavyoanza: nzuri inapanda taratibu hata ukibonyeza swichi ghafla, haikurupuki, kwa sababu ikikurupuka inarusha kompaundi mpaka kwenye kioo. Angalia kama kasi inageuzwa kwa gurudumu lenye namba. Ishike kama utakavyoishika kazini, mkono mmoja juu ya kichwa chake, mwingine nyuma, uinyooshe mbele ya kifua kwa muda. Nyingi zina kilo 2.5 mpaka 3, na kilo hizo mlangoni, ambako hakuna cha kuziegemeza, ni tofauti na mezani. Angalia urefu wa waya wake, maana wa mita 2 unakufanya uburute kiungo cha ekstensheni juu ya rangi ya gari. Angalia pia kama brashi za kaboni zinatoka kwa bisibisi bila kuifungua mashine nzima, na kama sahani ya akiba inapatikana. Velkro ya sahani inachoka kwa joto. Siku itakapoachia sponji, sahani tupu ikagusa rangi, utatamani ungekuwa nayo ya pili.

Bei sitazitaja kwa sababu zinabadilika, ila mashine ya juu inaweza kuzidi ile ya chini mara 10. Kwa mtu anayeanza, ya katikati inatosha, mradi umetenga fedha ya sponji. Hapa watu wengi wanakwama. Ananunua mashine kwa fedha yote, anabaki na sponji mbili zilizokuja kwenye boksi. Gari moja linahitaji sponji nne mpaka sita, kwa sababu sponji ikishajaa kompaundi na klia iliyotoka, haikati tena, inapaka matope tu. Na inapata joto mpaka katikati inayeyuka. Kila ukimaliza eneo moja, ipulize kwa upepo wa kompresa au isugue kwa brashi laini. Mnaotaka kuomba mkopo unaotoka kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kama kikundi cha vijana au cha akina mama, andikeni sponji, matambara ya maikrofaiba na kile kipima rangi kwenye andiko lenu, msiandike "mashine" peke yake.

Mashine ikishafika, kuna kitu cha kufanya kabla ya kuigusisha kwenye gari lolote. Chukua maka peni, chora mstari mweusi pembeni mwa sahani, kutoka katikati kwenda nje. Mstari huo ndio jicho lako. Ukiwa kazini unauona unapita, unapita. Ukiuona umetulia unatetemeka tu, sponji imesimama: umekandamiza mno, au umeilaza upande, au uko kwenye mkunjo. Legeza mkono kidogo, nyoosha kifundo, utauona unaanza tena. Fundi anayesimama nyuma yako naye anauona, anaweza kukurekebisha bila maneno mengi. Hakuna njia rahisi zaidi ya kujifunza uzito wa mkono.

Usafi wa gari kabla ya polishi ni nusu ya kazi, na kwetu ni zaidi ya nusu. Gari lililotoka Tarangire au Ngorongoro limebeba vumbi lililoingia mpaka kwenye mipira ya milango. Punje moja ikiingia chini ya sponji inazungushwa maelfu ya mara. Kwa hiyo osha, suuza kwa maji mengi, pitisha ule udongo maalumu wa kunyonya uchafu ulioganda kwenye rangi, kausha, funga tepu ya karatasi kwenye kingo, mipira na plastiki nyeusi. Kisha pitisha kiganja juu ya rangi kikiwa kimefunikwa na mfuko laini wa nailoni. Kikwaruza chochote utakisikia.

Baada ya hapo jaribu mahali padogo, nusu mita kwa nusu mita, na uanze na sponji laini na polishi laini. Kasi namba 4 au 5, mwendo wa sentimita mbili au tatu kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Futa, angalia kwa tochi. Halafu futa tena kwa spiriti iliyochanganywa na maji. Kufuta huku kwa pili kuna sababu: polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo, unaona rangi safi kumbe imefunikwa tu, ikioshwa mara mbili inarudi yote. Kama mikwaruzo bado ipo, ndipo unapanda ngazi moja. Ukianza na kompaundi kali kwa haraka ya kumaliza, umetumia klia ambayo huenda haikuhitajika. Na ukiona sponji inageuka rangi ya gari, gari hilo lina rangi bila klia juu yake, au klia imekwisha. Simama, mwite mwenye gari.

Magari ya kitalii yana habari yake. Miiba ya migunga inachora mistari mirefu kutoka taa ya mbele mpaka nyuma, na mwenye kampuni anataka yote iondoke kabla ya msimu. Pitisha ukucha juu ya mstari, taratibu. Ukucha ukiteleza, mashine yako itauondoa au itaupunguza sana. Ukucha ukinasa, mstari umeshuka kuliko klia unayoruhusiwa kuondoa, na kuufuata ni kutoboa. Mwambie hivyo kwa maneno wazi: "Bosi, hii na hii zitatoka, ile pale itapungua, na hii ni ya fundi rangi." Mpe namba ya mmoja wa wazee hawa. Mteja akishaambiwa ukweli kabla ya kazi, hakusumbui baada ya kazi, na wazee nao watakuletea magari wanayomaliza kupuliza.

Ndugu zetu wa Moshi, kwenu kuna joto kuliko huku, na Januari mpaka Machi boneti iliyokaa nje huwezi kuiwekea kiganja. Polishi inakauka kabla hujamaliza mstari. Ingiza gari kivulini, subiri bati lipoe mpaka mgongo wa mkono uvumilie, hata kama mteja anaangalia saa. Na bampa zote, huku na huko, ni plastiki. Hazisambazi joto kama bati, kwa hiyo punguza kasi namba moja na usikae mahali pamoja.

Jambo la mwisho ni kwa mlioniuliza mlangoni kuhusu masikio na mikono. Mashine hizi zina kelele, vaeni vizuia sauti. Na baada ya kila upande wa gari, iwekeni chini, mnyooshe vidole. Ganzi inayokuja kila siku bila kupumzishwa inaweza kubaki.

Mwenyekiti amenionyesha saa. Pale nje kuna Noah nyeusi, mwenyewe yuko hapa ametupa ruhusa, na kipima kimetupa maikroni 118 katikati ya boneti. Nusu ya boneti tutaifunga tepu ibaki kama ilivyo, nusu nyingine tutaifanyia kazi kwa zamu. Waliokuja na mashine zao wazitoe, maka peni ziko mezani, na tusiwashe yoyote kabla hatujasoma kibandiko chake cha volti.